Nguo Zisizonyonya Maji

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Salamu naziweka mbele, na naomba uzipokee zote kabla hujarukia habari, maana nakujua, ukiuona mwandiko wangu unaanza kutafuta balaa kuanzia mstari wa tatu. Shemeji hajambo? Na watoto, yule mdogo kifua kimeachia? Wewe mwenyewe mgongo unaendeleaje, au bado unahamisha makabati ya ofisi kwa mikono yako kwa kuwa huamini kwamba kuna mtu mwingine anayejua kuhamisha kabati? Sisi huku tu wazima. Narudia ili isikupite: Mama ni mzima. Anakula, analala, na hivi ninavyoandika yuko jikoni ananilalamikia kwamba nimetandaza karatasi meza nzima na yeye anataka pa kuchambulia mchele.

Najua Shangazi amekupigia. Najua amekwambia kwamba Jumamosi asubuhi, akipita barabara ya juu ya ziwa, alimwona Mama kwa macho yake mawili, amevaa lile gauni lake la kahawia, taulo kichwani, ameshikwa huku na huku, anapandishwa ukingoni kama mtu aliyetolewa majini. Shangazi si mwongo. Alichokiona alikiona. Na nilipokupigia jioni ile kwa simu ya Mama ulinipa amri mbili kwa pumzi moja, kwamba nimfungashie Mama vitu vyake na kwamba nisithubutu kujitetea, kisha ukakata. Ndiyo maana naandika. Mimi na wewe kwenye simu ni majogoo wawili ndani ya tenga moja. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza.

Tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana. Nakumbuka ulivyosema mwezi uliopita: Mama akigusa maji ya lile ziwa, nyumba inafungwa, naye anahamia kwako, kile chumba cha nyuma, ghorofa ya tano. Najua hukuwa unatania. Ninachoogopa ni kwamba utakuja na gari, na Mama, kwa vile hapendi kuona watoto wake wanagombana, atapanda bila kusema neno, na bustani yake ataiangalia kupitia kioo cha nyuma. Kwa hiyo nakuomba uisome barua hii kwa mpangilio, usikimbilie mwisho.

Chanzo ni bafuni. Unakumbuka mwaka jana alivyoteleza, mkono ukawekwa plasta. Yule mtaalamu wa viungo aliyekuwa akimnyoosha mkono hospitalini alimwambia kwamba mifupa yake haina neno, ila tangu Baba afariki amekaa mno kwenye kile kiti cha dirishani na mwili umesahau kujisimamisha. Akamtajia darasa la watu wazima pale ziwani, Jumamosi asubuhi, kwenye zile mbao pana zinazojazwa upepo, ambapo mtu anasimama juu na kupiga kasia refu polepole. Mama aliitoa habari hiyo wakati wa chakula, mimi nikiwa na tonge mdomoni, kwa sauti ya mtu anayesema sabuni imeisha. Tonge likanikwama. Nikakupigia wewe usiku huohuo, nawe ukaniambia kwamba kwa kuwa kazi yangu ni kubishana na watu magazetini na redioni, safari hii nibishane kwa faida ya familia. Nimzuie. Nikakubali. Tena nilikubali kwa moyo wote, maana na mimi niliogopa.

Sasa ngoja nikueleze nilivyoharibu.

Nilijua Mama hatazuiwa kwa kukatazwa. Nikatafuta udhaifu wa jambo, kama ninavyofanya ninapotaka kumwangusha mtu kwenye makala, na udhaifu niliouona ni gauni. Unayajua yale magauni yake, ya pamba nzito, yenye bitana, yanayofika vifundoni, mifuko miwili inayobeba funguo, leso, vidonge na nusu ya droo ya jikoni. Tangu Baba aondoke hajavaa kitu kingine. Anapalilia nayo, anaenda kliniki nayo. Nikajiambia kwamba Mama anaweza kuachana na nyumba hii kabla hajaachana na gauni. Basi nikaijenga hoja yangu yote juu ya gauni, nikiamini kwamba nikithibitisha kuwa haliwezi kuingia ziwani, na yeye hataingia.

Nilisoma, Dada. Nilisoma mpaka macho yakawa mekundu. Nikaanua gauni moja kwenye kamba, nikalitia kwenye ndoo, nikaliacha linywe maji vizuri, nikalipeleka kwenye mizani ya muuza nyama. Akaniuliza hicho ni kipande gani cha ng'ombe. Likiwa kavu lilizidi kilo kidogo. Likiwa limelowa lilifika karibu nne, na lilikuwa bado linachuruzika kwenye viatu vyake. Niliporudi nyumbani nilikuwa na furaha ya kijinga ya mtu aliyeshika ushahidi.

Nikamkalisha Mama. Nikamwambia pamba inanyonya maji na haiyaachi. Ukianguka nayo inakung'ang'ania miguuni huwezi kupiga teke, ukitaka kupanda tena kwenye ubao inakuvuta chini, na ukishapanda inakukalia mwilini imelowa, upepo unakupiga, unatetemeka hata kama kuna joto la kukaanga yai kwenye bati. Nikamwambia na jua nalo halina huruma, linachoma kutoka juu na linachoma tena likirudi kutoka kwenye maji. Nikagonga meza. Mama alinisikiliza ameegemeza kidevu mkononi, kama anasikiliza taarifa ya habari, na unajua mwenyewe kwa nini tangu utotoni ananiita Redio. Nilipomaliza akaniuliza, kwa upole kabisa, kama tatizo basi ni gauni. Nikasema ndiyo. Akauliza tena kama ni gauni tu na hakuna lingine. Na mimi, kwa ulevi wa kushinda, nikasema gauni ndilo kila kitu.

Akasema sawa. Tukanunue nguo nyingine.

Nimewahi kubishana na wakubwa hewani mpaka wakakunja karatasi zao wakaondoka, lakini sijawahi kumkabidhi mtu kisu na kumwelekeza pa kuchoma namna ile. Nilijaribu kurudi nyuma. Nikaleta habari ya dawa zake za presha. Kumbe alishamwuliza daktari, naye alisema aende asubuhi tu kabla jua halijapanda, anywe maji ya kutosha, asiinuke ghafla, na akihisi kizunguzungu apige magoti hapohapo kwenye ubao. Nikaleta habari ya umri. Akanikumbusha kwamba mimi ndiye niliyeandika gazetini kuwa tunawageuza wazazi wetu vyombo vya kabatini, vya kutolewa wageni wakija, akaniuliza kama yule aliyeandika ni mtu mwingine. Nikaleta habari ya kuanguka. Akasema yeye aliangukia bafuni, mahali pakavu, amevaa kandambili, na hakusikia mtu yeyote akimpiga marufuku kwenda kuoga.

Ningekupigia siku ile. Nilishika simu, nikaiweka. Niliogopa sauti yako.

Tukaenda kwanza kumwona mwalimu wa darasa, binti mmoja mwenye mabega mapana ambaye pale ziwani kila mtu anamwita Kocha. Nilimhoji kama mtuhumiwa, naye alijibu huku anafuta mbao zake kwa kitambaa. Alimwambia Mama avae vazi la kuogelea ndani, juu yake fulana nyepesi ya mikono mirefu ya kitambaa kinachokauka upesi, na kaptura au suruali ya kubana ya kitambaa kama hicho. Kofia yenye ukingo na kamba ya kufunga kidevuni, miwani yenye uzi, mafuta ya kuzuia jua mpaka nyuma ya masikio na juu ya nyayo, maana watu hukumbuka pua wakasahau miguu. Viatu vyepesi vya maji, au miguu mitupu. Jaketi la kuokolea litatoka kwake, na ile kamba ya kumfunga mtu kifundoni na ubao wake pia. Pamba hapana, jinzi hapana. Rangi iwe ya kuonekana kutoka mbali. Na aje na nguo kavu ya kubadilisha. Kisha akasema neno ambalo nililisikia kwa sikio moja: kwamba mtu avae kwa ajili ya kuanguka, asivae kwa ajili ya kusimama. Akaitazama suruali yangu ya jinzi na viatu vya ngozi, akauliza kama na mimi nitashiriki. Nikamjibu kwamba mimi ni mtazamaji.

Dukani ndipo nilipopandwa na hasira. Nguo za michezo zilikuwa zimejaa ukuta mzima, zote zimekatwa kana kwamba wanawake wanakoma kuwa na mwili wakifika miaka thelathini. Muuzaji alitutazama, akatabasamu, akamwuliza Mama mjukuu wake anavaa saizi gani. Niliwaka. Nilimwambia kwamba huyo aliyesimama mbele yake ndiye mvaaji, na kwamba duka lisiloweza kumwona mwanamke wa miaka sabini na mbili halina haki ya kuandika mlangoni kwamba linauza nguo kwa kila mtu, na nilikuwa ndiyo kwanza naanza, nina mengine kuhusu washonaji, viwanda na picha za matangazo, Mama aliponivuta mkono wa shati. Akamtajia muuzaji kipimo cha kifua chake, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye kaunta, akamwambia mwanawe ana homa ya maneno lakini si mtu mbaya. Watu walicheka. Muuzaji mwenyewe alicheka, akaenda stoo, akarudi na mikono imejaa.

Alikaa kwenye kile chumba cha kujaribia nguo muda mrefu hadi nikaanza kupatwa na wasiwasi. Nikamwita. Akasema anakuja, alikuwa anajitazama tu, kwani hajaiona miguu yake kwa muda. Alipofungua pazia alikuwa na fulana ya rangi ya chungwa, ile kali, ya mikono mirefu, na suruali nyeusi ya kubana iliyoishia chini ya magoti, na juu yake kisketi kifupi cha kitambaa hichohicho kwa ajili ya heshima yake. Mikono ilikuwa kifuani kama msichana aliyeitwa mbele ya darasa. Aliniuliza kama Baba angecheka. Nikamwambia Baba angelipia haraka kabla Mama hajabadili mawazo. Kisha nikageukia rafu ya viatu nikajifanya nasoma bei.

Jumamosi ikafika, na ukitaka kujua hofu ni nini ungeniona mimi pale ukingoni. Joto lilikuwa limeanza mapema, ziwa limetulia kama sahani. Nilibeba chupa mbili za maji, vidonge vyake, taulo, mafuta ya jua, na lile gauni la kahawia likiwa kavu kwenye mfuko, la kubadilisha. Nilimpaka mafuta masikio mpaka akanipiga kibao cha mkono. Nilikagua fundo la kofia. Nilikagua vifungo vya jaketi, nikamwomba Kocha avikague, halafu nikavikagua tena. Wale wazee wenzake walikuwa wanaulizana kama mimi ndiye mgonjwa.

Kocha aliwafundisha kuanguka kwanza. Hapo kwenye maji ya kiunoni aliwaangusha mmoja mmoja, wakaelea kwenye majaketi yao, wakavuta kamba ya kifundoni, ubao ukarudi, wakaupanda kwa tumbo. Mama aliibuka anapuliza maji puani na kucheka kile kicheko chake cha zamani kinachoishia na kikohozi. Wewe hujakisikia kile kicheko kwa miaka minne, Dada. Hata mimi ninayeishi naye sijakisikia.

Baadaye wakaenda mbele kidogo, kwenye kina. Mama alipiga magoti, akatulia kama daktari alivyosema, akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akasimama. Alisimama amenyooka na lile kasia mkononi. Hakupungia mtu mkono. Alikuwa anatazama mbele tu. Nami nilishika mfuko wa gauni kwa mikono yote miwili.

Kisha ubao ukayumba, naye akaanguka.

Sasa nifanye nililokaa kulifanya tangu mstari wa kwanza. Mtu aliyetolewa ziwani Jumamosi si Mama. Ni mimi.

Nilipomwona anaingia majini sikukumbuka jaketi wala kamba wala Kocha aliyekuwa karibu naye. Nilitupa mfuko nikaruka. Niliruka na jinzi yangu, na viatu vyangu vya ngozi, na simu mfukoni, na shati la pamba safi ambalo muuza nyama hajawahi kulipima. Pale niliporukia ukingo unashuka ghafla. Mimi ninayejua kilo za gauni lililolowa, sikuwahi kuuliza kilo za suruali yangu mwenyewe. Miguu ilikuwa mizito kama imemwagiwa zege. Nilipiga kelele kwamba aokolewe Mama, nikameza maji, nikapiga kelele tena. Mama wakati huo alikuwa ameshapanda ubao wake kwa tumbo, kofia bado ipo kichwani. Aliniona nikizama. Akaja akipiga maji kwa mikono, akanisukumia ncha ya ubao, akasema kwa ile sauti yake ya kutuamsha shule, Redio, nyamaza, shika hapa. Nikanyamaza, nikashika. Kocha akafika, wakanivuta wawili mpaka mahali miguu yangu ilipogusa chini.

Nilikuwa natetemeka meno yanagongana, na joto lote lile. Kocha akasema nivuliwe nguo zilizolowa mara moja. Nguo kavu tuliyokuja nayo ilikuwa moja tu. Nadhani umeshaelewa. Mama alinivika mwenyewe, akanifunga vifungo mpaka shingoni, akaniwekea taulo kichwani, akanishika mkono huu na Kocha ule, wakanipandisha. Huyo ndiye mtu ambaye Shangazi alimwona kutoka barabarani. Na yule wa fulana ya rangi ya chungwa aliyekuwa pembeni, Shangazi alimwona pia, nimemwuliza. Anasema alidhani ni mwalimu.

Cheka. Nakuruhusu. Lakini ukishacheka, sikiliza na hili, ambalo ni gumu zaidi kuliandika. Nilipokuwa chini ya maji, kitu nilichokiona si uso wa Mama. Niliona uso wako, nikajisikia nikitafuta maneno ya kukueleza. Mwezi mzima nimekuwa nikisema namlinda Mama, kumbe nilikuwa nalinda jina langu kwako. Nadhani na wewe kidogo uko hivyo, unaogopa kuwa mbali siku jambo likitokea. Hatujawahi kuliongelea hili, tumeongelea gauni tu.

Kwa hiyo vitu vyake sijavifungasha. Nilikwenda chumbani kwake na sanduku, nikafungua kabati, nikaona fulana ile ya rangi ya chungwa imetundikwa mbele ya magauni yote, nikafunga kabati. Jumamosi hii anarudi ziwani. Na mimi nakwenda naye, safari hii juu ya ubao, kwa sababu Kocha amesema hataki tena kuniona ukingoni. Nimenunua kaptura ya nailoni inayonifanya nionekane kama mwamvuli uliofungwa vibaya. Ninaogopa kizunguzungu chake, ninaogopa jua, ninaogopa upepo ukibadilika, na ninaogopa gari lako likisimama hapo nje. Ukija na hasira nitakuelewa. Ila ukija, njoo asubuhi, umwone akiwa amesimama, ndipo uamue.

Msalimie Shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja, yule mdogo mara mbili kwa ajili ya kifua. Majirani wote wanakusalimu. Shangazi anakusalimu pia, na anaomba asitajwe tena kwenye jambo hili. Mama nimemsomea barua yote hapa jikoni, hakusahihisha kitu ila kwenye habari ya kisketi, anasema si kifupi kiasi hicho. Anakupa salamu nyingi, Kamanda wake, na anasema kama unakuja kumchukua hana ubishi, ila yeye atakuwa katikati ya ziwa, kwa hiyo uje na nguo zisizonyonya maji.

Ni mimi mdogo wako, niliye mkavu kwa sasa,

Redio